Mastodon haina mwenyewe? Niliyoyaona nilipokuwa na seva yangu

Mkuu, umeuliza: kama Mastodon, mtandao wa kijamii unaofanana na Twitter, ni maelfu ya seva (kompyuta zinazohifadhi akaunti za watu) zinazojitegemea, mbona nusu ya unaowafuata majina yao yanaishia na mastodon.social? Nakujibu kama mtu aliyewahi kuendesha seva yake mwaka na nusu hivi. Mtaalamu mimi siye.

Nilifungua mwishoni mwa 2022, lile wimbi la watu kuikimbia Twitter baada ya Elon Musk kuinunua. Nikakodi seva Ujerumani, nikalipia kikoa (jina la anwani ya mtandaoni), nikawaita jamaa niliosoma nao. Tukafika thelathini na kitu. Wiki za mwanzo raha tupu, kisha diski ikaanza kujaa. Kumbe seva hutunza nakala za picha na video za kila mnayemfuata, hata awe nchi gani. Usipozifagia, unaamka asubuhi seva imezima. Nikawa nalipia ghala la picha za paka wa Wazungu.

Hela siyo iliyonikera, lakini. Usiku mmoja nilisahau kufunga usajili, matapeli wakajiandikisha kibao wakaanza kumwaga matangazo. Seva moja kubwa ikafungia kikoa chetu chote. Ni haki yao, kosa lilikuwa langu. Ila kufuatana kote kati yetu na watu wao kukakatika, na kifungo kilipoondolewa, siku tisa baada ya mimi kuomba radhi, hakukurudi. Ilibidi kila mtu aanze upya kumtafuta mwenzake. Sisi tungewafungia wao, wasingejua hata kama tupo.

ActivityPub, itifaki (kanuni za mawasiliano) ambayo seva za Mastodon huitumia kuongea, na ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha rasmi Januari 2018, inamruhusu yeyote kuongea na yeyote. Haimlazimishi mtu kusikiliza. Aliyewahi kuweka seva yake mwenyewe ya barua pepe halafu akaandikia watu wa Gmail, barua zikaishia kwenye taka, ananielewa.

Halafu kuna uvivu wetu. Mei 2023 programu ya Mastodon iliweka mastodon.social mbele kabisa kwenye kujisajili. Kuchagua seva nyingine ni lazima ubonyeze zaidi. Watu walilalamika sana. Mimi nilinyamaza, maana dada yangu nilishampa ile orodha ya seva achague, akaniuliza "sasa hii ya nini?" na kurudi WhatsApp.

Kwangu swali la seva ngapi lina uzito mdogo. Nauliza: naweza kuhama? Kwenye Mastodon unahama na wafuasi, maandiko yako yanabaki. Na seva ya zamani lazima iwe hai ili itangaze kwamba umehamia kule. Ikifa ghafla, umekwisha. Nilipofunga yangu nilitoa notisi ya miezi mitatu, bado wawili walichelewa. Bluesky, mtandao mwingine wa kijamii, wao wametengeneza njia ya kuhama na maandiko yako, ila watu wengi mno bado wako kwenye mashine za kampuni yenyewe.

Na lile nililochelewa kuliona: kwa wale thelathini, mkubwa nilikuwa mimi. Nenosiri langu, kadi yangu ya benki. Hata meseji zao za faragha ningeweza kuzichungulia kwenye hifadhidata, maana hazifichwi kwa msimamizi. Sikufanya hivyo, lakini walichokuwa nacho ni neno langu tu. Wazee wa Tanzania wanaikumbuka Madaraka Mikoani ya 1972: jina lilisema madaraka yanashuka, huku halmashauri za wananchi zikifutwa na maofisa wakishushwa kutoka makao makuu. Nami nilijiita "seva ya jamii" vivyo hivyo.

Kwa hiyo ukichagua seva, usihesabu watu waliomo. Tazama wasimamizi ni wangapi, anayelipa ni nani, na kama mahesabu yanawekwa wazi. Mimi sasa niko kwenye seva ya watu mia kadhaa yenye wasimamizi watatu, nachangia kila mwezi. Wale jamaa zangu, waliobaki hewani karibu wote wako mastodon.social.