Fonti nene ya mviringo: iachie kichwa cha bango

Ndugu uliyeuliza kama fonti nene ya mviringo, yaani mtindo wa herufi nono zenye kingo laini, inaweza kubeba bango zima, kuanzia jina la shughuli hadi namba ya simu: hapana. Iachie maneno mawili matatu ya juu, tena yawe makubwa. Natengeneza mabango na fulana, na fonti za aina hii nazipenda kuliko zote, kwa hiyo sisemi hivi kwa kuzidharau.

Chukua Cooper Black, inayojulikana zaidi. Oswald Cooper aliichora huko Chicago, na kampuni ya Barnhart Brothers & Spindler ikaitoa mwaka 1922. Ikuze O kubwa mpaka ijaze skrini. Tundu lake la ndani halikusimama wima, limelala kidogo kwa nyuma, ndiyo maana neno zima linaonekana lina uhai. Halafu tazama tundu hilo lilivyo dogo kando ya unene unaolizunguka. Kwenye bango ni raha tupu: weusi mwingi, jicho linanaswa kutoka mbali. Ishushe hadi pointi 9, ukubwa wa maandishi madogo, kwenye karatasi inayonyonya wino, matundu yanaziba, na a, e na o zinaanza kufanana. Maandishi ya Kiswahili yanaumia zaidi hapo, maana maneno yetu yamejaa irabu. Chapisha "maelekezo" kwa ukubwa huo uone.

Usije ukadhani tatizo ni mviringo wenyewe. VAG Rounded, iliyotengenezwa kwa ajili ya Volkswagen miaka ya 1970, nayo ina ncha za mviringo, na ilikaa miaka mingi kwenye vitufe vya kibodi za Apple ikisomeka vizuri tu. Mistari yake ina unene ulio sawa, na matundu yake yana nafasi. Kinachoiponza Cooper Black kwenye maandishi madogo ni unene.

Kwenye fulana na stika, hapo haina mpinzani. Kona kali ya stika ndiyo huanza kubanduka. Ya mviringo hushika. Wino nao ukisambaa kidogo kwenye kitambaa, ukingo ambao tangu mwanzo ni laini hauonyeshi kasoro.

Ukiipanga, sogeza herufi zikaribiane kuliko ulivyozoea. Zikiachana, neno linavunjika vipande vipande. Na usiamini sana mistari ya kusawazishia ya programu unayochorea: herufi hizi hazina nyayo bapa, chini zimejaa kidogo na kupita mstari. Ukiweka neno juu ya boksi, lisawazishe kwa jicho.

Kuhusu hisia: fonti hii ni changamfu, haitishi mtu. easyJet wameiweka kwenye nembo yao, na kwa shirika la ndege linalotaka abiria wajisikie huru, naona walichagua vizuri. Sherehe, watoto, vyakula, muziki, itumie bila wasiwasi. Tangazo la msiba au onyo la umeme, hapana kabisa, hata mteja aking'ang'ania.

Namba ya simu iandike kwa fonti ya kawaida yenye unene wa kati, maana 3, 6, 8 na 9 zikiziba mtu atapiga namba isiyo yako. Kisha chapisha nakala moja, ibandike ukutani, na umpe mtu ambaye hajaiona aisome akiwa amesimama mbali.