Pasi, Kanzu Nyeupe na Maji ya Kisima

Usiku wa kuamkia Iddi el Fitri, miaka kadhaa iliyopita, niliiharibu kanzu mpya ya mume wangu huku naitazama. Ilikuwa nyeupe pe, imefuliwa na kutiwa kanji, na zilibaki mikono tu nimalize, pale pasi yangu ya mvuke ilipokohoa mara mbili na kutema tope la rangi ya kahawia kifuani. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akipanga vileja kwenye sinia, hakushtuka hata kidogo.

"Mwanangu, hiyo pasi unaitia maji gani?"

"Ya kisima, mama. Si ndiyo tunayotumia kwa kila kitu?"

"Basi humo ndani una tanuri la chokaa."

Mume wangu alikwenda kusali Iddi na kanzu ya mwaka uliopita, nami nikabaki na pasi ambayo haikuwa na miezi minane tangu inunuliwe. Niliyoyaandika hapa nimejifunza kutokana na pasi ile na nyengine mbili zilizoifuata, na mengi zaidi yanahusu maji, kwa sababu hapa kwetu Unguja maji ndiyo yanayoua pasi kabla ya kitu chengine chochote.

Sehemu kubwa ya kisiwa chetu imekaa juu ya jiwe la matumbawe, nalo ni jiwe la chokaa. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huchukua hewa ya ukaa iliyomo udongoni, hupata ukali kidogo, na kwa ukali huo huyeyusha jiwe taratibu mpaka yafike kisimani yakiwa yameshiba chokaa ambayo jicho haliioni. Yakichemka, ile hewa hutoka, na chokaa iliyokuwa imeyeyuka huganda juu ya chuma cha moto. Asili yake ni moja na ile ambayo wazee waliipata kwa kuchoma matumbawe wakajengea Mji Mkongwe, ila ukutani tunaihitaji na ndani ya pasi hatuihitaji. Ile rangi ya kahawia hutokana na chokaa kuchanganyika na kutu, vumbi na nyuzinyuzi za nguo zilizoungua. Anayetaka kujua maji ya nyumbani kwake yakoje hana haja ya kupima popote: atazame ndani ya birika lake la umeme, au anawe mikono na kuona kama sabuni inatoa povu au inakataa.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililobadilisha ni maji. Wakati wa masika hukinga maji ya mvua, baada ya mvua ya kwanza kwisha kuosha bati, nikayachuja kwa kitambaa safi na kuyahifadhi kwenye madumu. Maji hayo hayajapita kwenye jiwe, kwa hiyo hayana chokaa ya kuacha. Yakinishia, huchemsha maji ya kisima, nikayaacha usiku kucha yatulie, kisha nikamimina yale ya juu polepole. Njia hii hupunguza chokaa kwa kiasi, lakini haiondoi chumvi, hivyo walio karibu na pwani ambao visima vyao vina maji ya chumvi wasiitegemee. Wengine hununua maji ya betri, na hapo nataka kusema kwa mkazo: katika maduka ya vipuri vya magari jina hilo watu hulitumia kwa vitu viwili, maji safi yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapoozwa, na tindikali. Usitie kitu ndani ya pasi kabla hujasoma chupa na kumuuliza muuzaji.

Na marashi yasitiwe humo. Najua tunavyopenda nguo inukie, na nimemwona shangazi yangu akimimina marashi ya mawaridi ndani ya pasi kwa nia njema kabisa. Kinachobaki ndani ni ukoko wenye kunata ambao huziba vitundu na kuiungulia nguo ya mtu mwengine wiki ijayo. Nguo hufukizwa udi ikishapigwa pasi, si kabla.

Pasi ambayo imeshajaa chokaa inaweza kuokolewa ikiwa haijachelewa sana. Zilizo nyingi siku hizi zina kitufe cha kujisafisha, na utaratibu wake ni huu: unalijaza tangi mpaka alama ya mwisho, unasimamisha pasi na kuiacha ipate moto wa juu kabisa mpaka taa izime, unachomoa plagi, kisha unaishika kwa ulalo juu ya beseni huku umebonyeza kitufe na kuitikisa mbele na nyuma. Kinachotoka ni maji ya moto, mvuke na vipande vyeupe kama maganda ya mayai, hivyo watoto wawe mbali na mkono wako usiwe chini yake. Rudia mpaka maji yatoke safi. Ukimaliza, pitisha pasi kwenye tambara kuukuu la pamba kabla ya kugusa nguo ya maana. Kwa maji yetu mimi hufanya hivyo kila baada ya wiki mbili.

Kuhusu siki, watu hubishana sana. Siki hakika huyeyusha chokaa, na ukiidondoshea kwenye ukoko wa birika utaona mapovu, lakini watengenezaji wengi wanakataza kuitia ndani ya tangi kwa kuwa inaweza kula mipira na sehemu nyengine za ndani. Rai yangu ni kusoma kijitabu kwanza. Kikikataza, tii. Kama hakikatazi na pasi imeziba kweli, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, iache pasi itoe mvuke kidogo, ipumzike, kisha isuuzwe kwa maji matupu mara mbili au tatu. Nje kwenye vitundu hali ni nyepesi zaidi: chovya pamba ya kusafishia masikio katika siki na usugue kitundu kimoja kimoja, pasi ikiwa baridi na imechomolewa. Sindano na msumari viache, kwa sababu husukuma uchafu ndani na kukwaruza kingo, na kingo hizo baadaye huvuta nyuzi za nguo.

Uso wa pasi una maadui wengine, nao kwetu ni kanji na buibui. Kanji ikipigwa pasi kabla haijakauka vizuri hunata na kuungua, ikaacha utando wa kahawia. Huo huondoka kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, pasi ikiwa na joto la kushikika. Buibui ni shida zaidi, kwani vitambaa vyake vingi ni vya nailoni au poliesta, na moto ukizidi huyeyuka na kuganda kwenye chuma kama lami. Nilipopatwa na hilo nilichukua kisu, na mikwaruzo niliyoiweka siku ile ipo mpaka leo. Njia iliyo sawa ni kuipasha pasi kidogo tu mpaka ule utando ulainike, uichomoe, kisha uukwangue kwa ukingo wa mwiko wa mti na umalizie kwa taulo kuukuu. Chumvi, dawa ya meno na vitu vyote vyenye chembe vinafaa kwa chuma kitupu peke yake. Uso uliopakwa rangi laini ya kuzuia kunata ukisuguliwa hivyo hubanduka, na ukibanduka haurudi.

Hata hivyo dawa ya buibui ni kuangalia nukta zilizoandikwa kwenye lebo ya nguo. Nukta moja ni joto lisilozidi nyuzi 110 za Selsiasi, mbili ni 150, tatu ni 200. Anza na nguo za nukta moja na umalizie na kanzu za pamba, kwa kuwa pasi hupata moto upesi kuliko inavyopoa. Mvuke nao uusubiri: chini ya nukta mbili, chuma hakina moto wa kutosha kugeuza maji, na matone yenye kutu hudondoka juu ya nguo.

Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010, Unguja ilipokaa kiasi cha miezi mitatu bila umeme kutoka bara, bibi yangu aliitoa tena pasi yake ya mkaa. Aliijaza makaa ya vifuu, akaipuliza mpaka majivu yaishe, na kabla ya kila sare ya skuli aliipitisha kwenye jani la mgomba, ambalo lina nta ya kuufanya uso uteleze. Jani hilo bado nalitumia kwa pasi yangu kavu ya umeme, na kwa asiye na mgomba, kipande cha mshumaa kilichofungwa ndani ya kitambaa cha pamba hufanya kazi ileile, mradi upanguse vizuri baadaye. Kwenye pasi ya mvuke usifanye, nta itaziba vitundu.

Kazi ikisha, mwaga maji yote pasi ikiwa ingali ya moto ili joto likaushe yaliyobaki, isimamishe mpaka ipoe, na usiizungushie waya kabla ya hapo. Hewa yetu ya bahari hutia kutu hata meno ya plagi, hivyo kabatini ni bora kuliko dirishani. Na umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa plagi hapohapo, hata kama unadhani utarudi baada ya dakika moja. Jirani yetu mmoja alikwenda msikitini wakati wa giza, pasi yake imelala juu ya meza, na umeme ukarudi kabla yake. Waliowahi kuona moshi walikuwa watoto waliokuwa wakicheza uani.

Ile pasi ya usiku wa Iddi haikupona sawasawa. Fundi aliifungua akanionesha mfereji wa ndani umeziba kabisa, akaniambia gharama ya kuutengeneza inakaribia bei ya pasi mpya. Waya wake ulikuwa mzima na moto wake mzuri, kwa hiyo tangi nikaliacha tupu, na mpaka sasa ndiyo inayonyoosha sare za watoto kila Jumapili jioni.