Hatua za nyumbani zihesabiwe kwenye safari ya kubuni?

Ndugu, umeuliza kama hatua za ndani ya nyumba ziingie kwenye safari yako ya kubuni ya kilomita 2,900, yaani ile ya kujumlisha kilomita unazotembea kweli na kuzifuatisha kwenye njia ya safari ya hadithini, au matembezi ya makusudi tu. Mimi ningeandika matembezi tu. Ukijumlisha kila kitu utavuka milima ya hadithi huku unatafuta chaja. Ila kwanza pima urefu wa hatua zako, maana simu isiyotumia GPS hukadiria umbali tu. Tembea mita 100 zilizopimwa, kwa mwendo wako wa kawaida, ukihesabu. Ukipata hatua 140, basi hatua 10,000 ni kilomita 7 na ushei. Daftari linatosha: tarehe, kilomita za leo, jumla. Vituo vya hadithi viandike pembeni mapema, kila kimoja na kilomita zake.