Jibu: Sinki la shaba kwa nyumba mpya Tabora, lipimwe kwenye mizani kabla ya kulipiwa

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unamalizia nyumba yako hapo Tabora, kwamba shemeji yetu amependa sinki la shaba, na kwamba muuzaji amewaonyesha mawili: moja jepesi linalong'aa, na jingine zito, la kahawia iliyofifia, lenye alama za nyundo na bei ya juu zaidi. Umeuliza mchukue lipi, kama ni kweli kwamba shaba huota kutu ya kijani na kudhuru watu, na linatunzwaje. Nitajibu kutokana na ninayoyaona nyumbani kwangu Kigoma, ambako tuna sinki la shaba jikoni na beseni la shaba la kunawia mikono karibu na meza ya chakula. Ningekuwa wewe ningechukua lile zito, na ningeliweka mahali pa kunawia, jikoni nikaacha sinki la kawaida la chuma kisichoshika kutu.

Kwanza ni vizuri kuielewa tabia ya shaba yenyewe. Shaba tupu ikikutana na hewa na maji hujifunika utando mwembamba, ambao huanza kwa wekundu, ukawa kahawia, na kadiri muda unavyopita ukaelekea weusi. Utando huo si uchafu, wala haumaanishi kwamba sinki linaliwa. Kinyume chake, unaikinga shaba iliyo chini yake. Ukijani ni jambo jingine, nao hutokea pale ambapo chumvi, asidi au unyevu vimeachwa vikae bila kupanguswa, hasa kwenye pembe, chini ya sabuni ya kipande na kuzunguka tundu la kutolea maji. Kuna pia rangi ambayo wauzaji hawaitaji kabisa, nayo ni ya waridi. Nusu ya ndimu ikilazwa kifudifudi kwenye ukingo wa sinki letu usiku, asubuhi huacha duara la waridi lenye mpaka mkali, na ukiinama vizuri unaona hata michirizi ya vyumba vya ndimu vilivyogusa pale, kwa kuwa asidi imeuyeyusha utando na kuifunua shaba tupu. Baada ya siku chache duara hugeuka rangi ya chungwa, kisha kahawia, na majuma machache baadaye hulioni tena. Mtu ambaye duara la namna hiyo litamkosesha raha asinunue shaba, hata akipewa kwa nusu ya bei.

Sasa tuje kwenye yale masinki mawili. Linalong'aa kwa usawa kila mahali, na ambalo alama za vidole hazibaki ukilishika, kwa kawaida limepakwa vanishi kiwandani ili lisibadilike rangi likiwa dukani. Vanishi hiyo haihimili kazi ya nyumbani, kwa sababu kijiko kimoja kikiikwaruza, maji na asidi hupenya chini yake, na hapo sinki hubadilika rangi kwa mabaka ambayo huwezi kuyasafisha wala kuyaacha yajirekebishe, maana sehemu nyingine bado imefunikwa. Shaba isiyopakwa kitu hubadilika yote kwa pamoja, na mikwaruzo yake hufifia yenyewe. Alama za nyundo nazo zina faida, kwani uso uliogongwagongwa huficha mikwaruzo na vibonyeo vidogo, ilhali uso laini kabisa huonyesha kila kitu.

Hata hivyo kipimo ninachokiamini zaidi ni unene, na hapa ndipo wengi hupunjwa, kwa sababu ukingo wa sinki unaweza kukunjwa ukaonekana mnene ilhali kuta ni karatasi. Kwa kipimo cha Kimarekani kinachotumika kwenye masinki mengi, geji 14 ni karibu milimita 1.6, geji 16 ni karibu 1.3, geji 18 ni karibu 1.0 na geji 20 ni karibu 0.8, kwa hiyo, kama ilivyo kwa mabati ya kuezekea, namba ndogo ndiyo nene. Usitegemee maneno ya muuzaji wala karatasi iliyobandikwa, omba mizani. Bati la shaba la mita moja ya mraba na unene wa milimita moja lina uzito wa karibu kilo 9. Chukua mfano wa sinki la sentimita 60 kwa 45 lenye kina cha 20: sakafu yake ni mita za mraba 0.27, kuta nne kwa pamoja ni 0.42, na ukingo tuuhesabu 0.06, jumla 0.75. Likiwa la geji 16 linapaswa kukaribia kilo 9, na likiwa la geji 20 litakuwa kilo 5 na kidogo. Tofauti hiyo haihitaji mtaalamu, na hapo Tabora mizani ya wauza mahindi au asali haiko mbali na duka lolote. Mimi kwa jikoni nisingechukua jembamba kuliko geji 16. Kwa beseni la kunawia geji 18 inatosha.

Ligeuze pia uangalie mgongo wake. Sumaku ikinasa, ndani ni chuma kilichopakwa shaba. Isiponasa bado hujamaliza, kwa kuwa shaba ya manjano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, nayo hainaswi na sumaku. Kwa hiyo omba ruhusa ukwaruze kidogo mahali pasipoonekana, uone kama rangi nyekundu inaendelea hadi ndani. Tazama maungio: yakiwa na rangi ileile ya shaba, yamechomelewa kwa shaba, na hilo ndilo jema. Ukiona mstari wa rangi ya fedha, sinki limelehemiwa, nawe uulize kama lehemu hiyo ina risasi, maana risasi ndiyo sumu inayostahili kuhofiwa hapa kuliko shaba yenyewe.

Hilo linanifikisha kwenye swali lako la afya. Shaba hudhuru inapoingia kwenye chakula kwa wingi, na njia ya kuingia ni chakula au kinywaji chenye asidi kukaa ndani yake, kama vile juisi ya ukwaju iliyolazwa kwenye chombo cha shaba kisichopakwa bati ndani. Sinki ni mahali pa maji kupita. Usiloweke nyama kwa ndimu moja kwa moja ndani ya sinki, tumia bakuli, na hutakuwa na tatizo. Upande wa pili, yanayosemwa kuhusu shaba kuua vijidudu si porojo: mwaka 2008 mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, iliruhusu shaba na aloi zake kadhaa, yaani michanganyiko yake na metali nyingine, kutangazwa rasmi kwamba huua zaidi ya asilimia 99.9 ya bakteria fulani ndani ya saa 2, mradi uso usafishwe mara kwa mara na usipakwe kitu kinachoufunika. Sharti hilo la mwisho linaliondoa lile lenye vanishi, na hakuna mahali lilipoandikwa kwamba ukiwa na shaba huhitaji sabuni.

Kwa nini basi nasema usiliweke jikoni? Kwa sababu ya sufuria. Nyumba zetu nyingi hupikia sufuria za alumini, na metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji yenye chumvi, iliyo dhaifu huliwa. Kati ya shaba na alumini, alumini ndiyo dhaifu. Sufuria iliyopikiwa ugali ikilowekwa usiku kucha kwenye sinki la shaba, pamoja na maji ya chumvi ya mboga, asubuhi huwa na madoa meupe ya unga kwenye kitako, na baada ya muda huwa vitundu. Kwetu tumeweka kichanja cha mbao sakafuni mwa sinki ili sufuria zisiguse shaba, nacho kinasaidia, ila lazima kitolewe na kukaushwa kila siku, la sivyo chini yake kunakuwa kijani. Ongeza dagaa wenye chumvi, migebuka inayooshwa kwa ndimu, na mawese, ambayo yakibaki pembeni siku kadhaa huacha ukijani kwa sababu ya asidi zilizomo kwenye mafuta, utaona kwamba sinki la jikoni la Kigoma halipumziki. Beseni la kunawia, kwa upande wake, hupata maji, sabuni na mikono ya wageni tu, na ndilo kila anayeingia hulisifia.

Nikiri kwamba mimi ni mpenzi wa shaba na ninalipenda hata la jikoni na mabaka yake. Nanyi wa Tabora mna haki ya kuipenda kuliko sisi: katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kinyamwezi waliifuata shaba na pembe za ndovu hadi Katanga, na Msiri, ambaye asili yake ni Unyamwezi, alitawala huko Bunkeya hadi alipouawa mwaka 1891.

Kuhusu kulifunga, jambo la kwanza ni kumzuia fundi wa marumaru. Mafundi wengi humalizia kazi kwa kuosha saruji iliyoganda kwa asidi kali, na matone yake, hata mvuke wake chumba kikiwa kimefungwa, huharibu shaba kwa siku moja kuliko familia kwa mwaka mzima. Sinki lifungwe baada ya marumaru kuoshwa na chumba kupata hewa. Kama limeshafungwa, lifunikwe kwa nailoni na kubandikwa pembezoni. Kitolea maji kiwe cha shaba ya manjano, na bomba la chini liwe la plastiki. Usikubali kipande cha chuma kilichopakwa zinki kiungwe moja kwa moja na shaba, kwa sababu zinki italiwa kwanza, kisha chuma. Shaba ni laini, kwa hiyo fundi bomba asikaze nati kana kwamba anafunga gurudumu. Kabla hajaondoka, mwaga ndoo ya maji na uangalie kama yanaisha yote, maana dimbwi dogo linalobaki pembeni ndipo kijani kitakapozaliwa.

Kuosha ni jambo jepesi mno, na ugumu wake uko kwa watu. Sabuni ya maji isiyo kali, sponji laini, suuza, pangusa kwa kitambaa kikavu, basi. Stilwaya, majivu, mchanga na sabuni za unga zenye chembe zisikaribie. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe isimwagwe humo, na dawa ya kuzibua mabomba ndiyo mbaya kuliko zote. Bomba likiziba, tumia pampu ya mpira au fungua kiwiko cha chini. Maelekezo haya apewe kila anayeosha vyombo, akiwemo binti anayesaidia kazi, na apewe kwa upole pamoja na sababu zake, kwa sababu aliyelelewa akijua kwamba usafi ni kung'arisha ataona unamfundisha uvivu. Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Ujiji na amekuzwa na mabirika ya shaba, kila akija kututembelea hulisugua beseni kwa ndimu na chumvi hadi likawa jekundu lote. "Mwanangu, shaba ikikaa nyeusi wageni watadhani nyumba haina mwanamke." Simkatazi, wala hajakosea: shaba iliyong'arishwa yote kwa usawa, ikasuuzwa sana na kukaushwa, inapendeza, na utando hurudi wenyewe. Kinachochukiza ni kung'arisha nusu. Hivyo hata doa la kijani likikushinda kwa maji ya uvuguvugu na magadi kidogo ya kupikia, dawa yake ni hiyohiyo ya ndimu na chumvi, lakini kwa uso mzima.

Maji nayo yana mchango. Sisi tunatumia maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo yana ualkali, pH yake ikikaribia 9, na madini ya kutosha kuacha alama nyeupe za matone kila yanapokauka yenyewe. Ndiyo maana kwetu kitambaa kikavu kinaning'inia kando ya beseni muda wote. Ninyi siku hizi mnapata maji ya Ziwa Victoria, ambayo yana madini machache zaidi, kwa hiyo mtakuwa na kazi ndogo. Lakini kama nyumba yako inategemea kisima na maji yake yana ladha ya chumvi, pangusa kila baada ya kutumia, kwa sababu chumvi na shaba havipatani.

Mwisho ni nta, na hapa uko mahali pazuri kuliko mimi, kwa kuwa nta ya nyuki ya Tabora inapatikana kwa warina asali wenyewe. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, si juu ya mkaa moja kwa moja kwani hushika moto, uchanganye na mafuta ya mgando kidogo ili ilainike. Lioshe beseni kwa maji ya moto, likaushe likiwa bado na joto, upake kwa wembamba, usubiri ipoe, kisha usugue kwa kipande cha kanga kuukuu hadi kidole kisiteleze kwa mafuta. Maji yakiacha kukimbia kwa matone na kuanza kutandaa, nta imekwisha na unapaka tena. Kwa sinki la jikoni sishughuliki nayo, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 na maji ya kwanza ya kuchemsha huiondoa. Isitoshe, palipofunikwa na nta ile kazi ya kuua bakteria hupungua.

Ukishakwenda dukani na mizani, andika hapa urefu, upana, kina na kilo za yale masinki yote mawili, nami nitakukokotolea unene wake kabla hamjatoa fedha.