Wokitoki hazisikizani Lamu: tazama uliposimama kabla ya kuhesabu wati

Mdogo wangu, salaam. Kwa watakaopita hapa baadaye: muulizaji ni kijana wa Langoni, mtaa wa hapa mjini Lamu, mwenye mashua mbili za kubeba wageni. Ana wokitoki nne, mbili aliletewa na mjomba wake kutoka Uingereza na mbili zimetoka Marekani. Katoni moja imeandikwa kilomita 35. Akiwa nyumbani hampati nahodha wake aliyeko Shela, pea ya Uingereza haisikizani na ya Marekani, na magharibi ikiingia redio inavuma bila kukoma. Anauliza aanzie wapi, na kama ameuziwa mbuzi kwenye gunia.

Mimi nakaa Mkomani, nasimamia mashua za mizigo na abiria kati ya visiwa vya Lamu, Manda na Pate, na redio ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kwa maelezo yako, huenda redio zako ni nzima zote nne. Kilichokushinda ni njia ya mawimbi, na hiyo inatengenezeka.

Nimalize kwanza lile jepesi. Pea zako mbili hazitasikizana kamwe, hata uzibane pamoja. Za Marekani, zile za familia ziitwazo FRS, zinafanya kazi kwenye megahezi 462 na 467. Za Ulaya, PMR446, ziko kwenye megahezi 446. Namba ya chaneli ni jina tu alilotia mwenye kiwanda: chaneli 1 ya FRS ni 462.5625, chaneli 1 ya PMR446 ni 446.00625. Kwa hiyo usifananishe namba, fananisha masafa, yaani zile megahezi. Na kwenye hizo za Marekani kuna jambo ambalo wengi hawalisomi: chaneli 8 hadi 14 zimewekewa nusu wati tu, zilizobaki zinaruhusiwa hadi wati 2. Ukimwambia mtu "nenda chaneli 10" umeshampunguzia nguvu bila kujua.

Kisha kuna zile namba ndogo kando ya chaneli, ambazo kitabu kinaziita kodi za faragha. Hakuna faragha yoyote pale. Redio inaambatanisha na sauti yako mlio mdogo, kati ya hezi 67 na 254 hivi, na redio ya upande wa pili inafungua spika ikisikia mlio ule peke yake. Mwenye redio isiyowekwa kodi anakusikia neno kwa neno. Mwenye kodi tofauti hasikii kitu, hata akiwa amesimama mbele yako, na atakuapia kwamba redio yako ni mbovu. Redio za viwanda tofauti pia hazihesabu kodi kwa mpangilio mmoja, kwa hiyo linganisha hezi. Unapoanza, weka kodi zote sifuri. Zirudishe baadaye, kila kitu kikishakaa sawa.

Sasa la karatasi, na hili naomba usilipuuze. Kwa Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998, chombo cha redio hapa Kenya ni cha leseni, isipokuwa kile ambacho Mamlaka ya Mawasiliano yenyewe imekisamehe. Ruhusa ya Marekani inaishia Marekani. Masafa yaliyo ya bure kule huenda hapa amepewa mtu mwingine kwa kazi yake, nawe ukawa unamwingilia. Na Lamu yetu unaijua ilivyo kwa upande wa ulinzi. Mtu wa boti anayekutwa na redio asiyoweza kuieleza anajitia mashakani bure, na anawatia mashakani abiria wake. Chukua namba ya modeli na masafa yake, ziulizie Mamlaka kabla hujaitumia kwa biashara. Hizi za Marekani mimi ningeziweka kando tangu leo.

Tuje kwenye kilomita 35, kwa sababu hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Mawimbi ya masafa haya yanakwenda karibu kama mwanga wa tochi: hayapandi mlima na hayapindi sana kufuata mviringo wa dunia. Kuna hesabu nyepesi. Chukua kimo cha antena kutoka usawa wa bahari kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita hadi kwenye upeo wa redio hiyo. Fanya hivyo kwa pande zote mbili, jumlisha. Watu wawili ndani ya mashua, antena zikiwa mita 1 na nusu juu ya maji, wanapata kilomita 10 hivi, tena bahari ikiwa wazi kabisa kati yao. Mmoja akipanda juu ya nyumba, antena ikawa mita 9, jumla inafika kama 17. Ili uzipate zile 35 na wewe umekaa kwenye mashua, mwenzako anatakiwa awe juu ya mita 50 na kusiwe na kitu katikati. Nitajie nyumba ya mji wa kale yenye kimo hicho.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue redio ya wati ngapi, mimi namuuliza atasimama wapi. Kuongeza wati mara mbili hata sikio halitambui vizuri. Hata kama njia ni wazi kabisa, ukitaka kuongeza umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne. Kupanda ngazi za nyumba yako ni bure.

Na wewe unapigia kutoka wapi? Umesema uko ukumbini, ghorofa ya chini. Mdogo wangu, nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unene wake unakaribia nusu mita, na kati yako na Shela hakuna ukuta mmoja, kuna mtaa mzima. Wazee walizijenga zizuie joto, na mawimbi nayo yanazuiwa. Juu kukiwa na mabati ndiyo yanarudishwa kabisa. Paa la makuti lina nafuu, ingawa makuti yaliyolowa mvua hula kidogo. Shela ni kilomita 3 hivi kutoka mjini. Umbali huo hata nusu wati inauweza ukiwa juu, ukitazamana na mkondo wa bahari ulio kati ya Lamu na Manda.

Vichochoro navyo vina tabia yake. Mawimbi yanaingia yakigonga kuta, yanakufikia kwa njia kadhaa kwa pamoja, na mahali pengine yanauana yenyewe kwa yenyewe. Wimbi la masafa haya lina urefu wa sentimita 65 hivi. Kwa hiyo unaweza kusimama mahali ukasikia mkwaruzo mtupu, ukasogea futi moja ukamsikia mtu vizuri. Kabla ya kurudia "hunisikii? hunisikii?", sogea. Ukipata mahali pazuri, ganda hapo hapo umalize maneno.

Mashua zako zikienda upande wa Pate kuna mambo mengine mawili, mikoko na maji. Ukiingia mkondo wa Mkanda unazungukwa na mikoko, na majani mabichi yananyonya mawimbi, hasa haya ya megahezi 400 na kitu. Halafu maji. Ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji yakiwa yamekupwa, mashua inakaa chini kama ndani ya handaki, kingo za matope na mizizi zimekuzidi kimo. Yakijaa, mashua ile ile, redio ile ile, nahodha yule yule, anasikika. Nimeona watu wakifungua redio kwa bisibisi kwa kosa ambalo lingeondoka lenyewe maji yakijaa. Mimi nimewaambia manahodha wangu watoe taarifa kabla ya kuingia Mkanda na baada ya kutoka. Mle ndani sitegemei kusikia mtu. Vilima vya mchanga vya Shela ni hivyo hivyo: mashua ikishavipita kwenda upande wa bahari kuu, mjini huwapati hadi uwe na antena juu sana.

Ukitaka kutafuta ugonjwa, jiulize swali moja kwanza: nani hamsikii nani?

Kama wewe unamsikia naye hakusikii, tatizo liko kwenye kutuma. Betri iliyochoka inaweza kupokea kutwa nzima ikashindwa pale unapobonyeza kusema, kwa sababu kutuma kunakula umeme mwingi zaidi. Tazama kama redio imewekwa kwenye nguvu ndogo. Tazama tundu la maikrofoni, chumvi na mchanga huliziba. Kisha mtazame mshikaji mwenyewe. Kuna siku nahodha wangu alizimikiwa na mashine akitoka Mtangawanda, kisiwani Pate. Mimi niko juu ya nyumba namsikia vipande vipande, yeye ananisikia wazi. Nikamwambia asimame omoni, mbele ya chombo, ainue redio usawa wa uso, antena itazame juu, na aipe kisogo Pate. Maneno yakaja kamili, tukamtumia boti. Muda wote ule alikuwa ameketi, redio ameilaza kifuani, na mwili wa mtu umejaa maji, unakunywa mawimbi. Antena ikilala na ya mwenzako imesimama, pia unapoteza nguvu nyingi. Redio ya kiunoni ni ya kusikilizia, ukitaka kusema itoe.

Kama yeye anakusikia nawe humsikii, tafuta upande wako: sauti, kodi, au kelele iliyokuzunguka. Bonyeza kitufe cha kufungua spika kwa nguvu, kile kinachotoa mvumo mtupu. Ukimsikia mtu kwa mbali ndani ya mvumo, redio inapokea, ila mawimbi ni hafifu kiasi kwamba mlio wa kodi hautambuliki. Ondoa kodi, panda juu.

Kama hakuna anayemsikia yeyote, na redio zote zimewasha taa ya kupokea, tafuta kitufe kilichokwama. Redio moja iliyolaliwa na maboya chini ya benchi la mashua inafunga chaneli nzima kwa kila mtu. Ilitupata asubuhi moja ya wageni wengi, na aliyekuwa na redio ile alikuwa wa mwisho kujua, maana redio inayotuma haisikii.

Usizijaribu redio zikiwa zimekaa pamoja mezani. Zinazibiana masikio, sauti inakwaruza au inapiga mluzi, nawe unadhani ni mbovu. Mmoja aende hatua ishirini au zaidi. Jaribio zuri kwa mji wetu ni hili: chaji zote zijae, kodi sifuri, mmoja asimame gatini, mwingine avuke mkondo hadi upande wa Manda mnatazamana. Zikisikizana pale, redio ni nzima na taabu yako yote iko kwenye kuta.

Ule mvumo wa usiku ni wa nyumbani kwako. Umesema una sola. Inveta na vidhibiti vya chaji vya bei rahisi hutoa kelele nyingi za redio, na baadhi ya taa za LED ni hivyo hivyo. Toka nayo nje hadi pwani. Mvumo ukipungua, rudi uzime kimoja kimoja hadi umpate mwizi. Ukimpata, hamisha redio mbali naye au umbadilishe.

Chumvi ipanguse kila jioni kwa kitambaa kilicholowa kidogo tu maji yasiyo ya chumvi, kisha kikavu, na vile vishikizo vya betri visugue kwa raba ya penseli. Bila hivyo redio inazimika unapobonyeza kusema, nawe unanunua betri mpya usiyoihitaji.

Nimeyasema haya yote kwa sababu umeuliza, lakini nikuambie ninachokiamini kwa dhati: kwa mashua yenye abiria, wokitoki za familia hazitoshi. Mashine ikizima nje ya Ras Kitau, rasi ya Manda, na upepo wa kusi unapiga, nusu wati kwenye megahezi 446 hakuna anayeisikiliza isipokuwa ndugu yako, kama yuko darini. Nunua VHF ya baharini, redio iliyotengenezwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Chaneli zake za msingi ni zile zile dunia nzima, na chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo ya dharura na ya kuitana. Meli kubwa zinaisikiliza, na tangu bandari ya Lamu ifunguliwe mwaka 2021 zinapita karibu zaidi nasi. Ya mkononi hutoa wati 5 au 6, ya kufungwa kwenye boti hutoa 25 na antena yake unaipandisha mlingotini. Tafuta iliyoandikwa IPX7, hiyo inastahimili kuzama mita 1 kwa nusu saa. Nayo ina leseni yake, Mamlaka ya Mawasiliano watakueleza, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya waulize kuhusu vifaa vya usalama vya boti ya abiria.

Wafunze manahodha wako kubonyeza, kutulia kidogo, ndipo waseme, la sivyo neno la kwanza linakatwa. Wataje jina la anayeitwa kwanza, kisha lao. Kwenye 16 waitane tu, wakishapatana wahamie chaneli nyingine. Na kila mmoja ajue kusema "MAYDAY", mwito wa kuomba msaada, mara tatu, jina la chombo, mahali kilipo, watu wangapi na shida gani, bila kufungua kitabu.

Pea ya Uingereza, Mamlaka wakikubali, ibaki ya gatini na ya kuitia wabeba mizigo. Fanya lile jaribio la kuvuka Manda kwanza, kisha rudi uandike hapa nani alimsikia nani, mlikuwa mmesimama wapi, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa.