Kulala hemani na mtoto mdogo: panga usiku, mchana utajijua wenyewe

Saa tisa usiku tulikuwa watatu ndani ya gari, tumejifunika taulo. Hatua ishirini kutoka pale lilisimama hema letu jipya, zuri la kupendeza, nje kavu, ndani limeloa. Binti yetu, aliyebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka mitatu, alikuwa amelia mpaka sauti ikamkauka. Mke wangu hakusema neno. Nami nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba ukimya ule ndio ripoti kamili ya safari.

Binti huyo sasa ana miaka sita, na tumeshalala hemani mara nyingi kiasi kwamba anagombea nafasi ya mlangoni. Marafiki wakitaka kwenda na watoto wao hunipigia simu, na karibu wote huuliza habari za mchana: watembee wapi, wabebe michezo gani, wafanye nini mtoto asichoke. Mchana utajijua wenyewe, huwaambia. Mpe mtoto wa miaka miwili kikombe, maji kidogo, udongo na kokoto, hatakudai kitu mpaka njaa imuume. Kinachovunja safari ni usiku, na usiku huandaliwa jua likiwa bado juu.

Kosa letu la kwanza lilikuwa saa. Tulichelewa kutoka, tukafika jua limeshazama. Nikaanza kusoma maelezo ya hema kwa tochi niliyoibana kwa meno, mke wangu ameshika nguzo mbili asijue ipi ya wapi, mtoto ana njaa na anajikwaa kwenye kamba. Siku hizi tunahakikisha tunafika zikiwa zimebaki saa tatu za mwanga. Hema husimama kwanza, kabla ya chai na kabla ya mtu yeyote kwenda kushangaa mazingira. Na hema jipya halifunguliwi kambini kwa mara ya kwanza. Lisimamishe nyumbani wiki moja kabla, uani au hata sebuleni kama ni aina inayosimama bila vigingi, mtoto alale humo usingizi wa mchana. Utagundua kigingi kilichopungua ungali na muda wa kukitafuta, naye atakuwa na chumba anachokifahamu kitakachohamishwa tu.

Mpe kazi pia. Binti yetu ndiye mtunza vigingi: ananiletea kimoja kimoja, huku akihesabu kwa hesabu zake mwenyewe, ambamo baada ya nne huja kumi. Inachelewesha, nakiri. Lakini mtoto anayebeba vigingi unajua alipo, na hilo ni jambo kubwa. Niliyoyaona yamenifundisha kwamba saa za hatari zaidi kambini ni ile ya kusimamisha hema na ile ya kufungasha, kwa sababu kila mzazi anaamini mwenzake ndiye anayeangalia. Kwetu tunatamka kwa sauti: “Zamu yako.” Mwenye zamu hashiki kitu kingine. Kama pana mto, bwawa au hata ndoo ya maji, hapo hakuna mjadala, kwani mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, na maji ya kina kidogo sana yanamtosha.

Kuhusu mahali pa kusimamisha, lala mwenyewe chali juu ya ardhi kabla hujatandaza kitu. Mgongo utakuambia mawe yalipo na ardhi inainamia wapi. Mteremko mdogo hauepukiki, basi vichwa vikae upande wa juu. Sisi safari ya pili tuliupuuza, tukaamka mtoto ameserereka mpaka miguuni petu, amejikunja kwenye kona kama nguo iliyosahaulika. Tazama na juu: tawi lililokauka huanguka bila kuaga. Na mkondo mkavu wa mto, hata ukiwa na mchanga laini wa kuvutia, usiulalie, maana mvua iliyonyesha mbali huko juu inaweza kukufikia ukiwa chini ya nyota.

Maandishi yanayosema hema ni la watu wanne yanahesabu watu wanne waliopangwa kama njiti za kiberiti, bila mizigo. Kwa wazazi wawili na mtoto mmoja, hilo ndilo la kuchukua. Mtoto mdogo hulala kwa mzunguko kama mshale wa saa.

Sasa baridi, kwa sababu hapa ndipo tulipoumia. Tulikuwa na godoro la kujaza upepo na mablanketi mengi, yote tukayarundika juu yetu. Hatukujua kwamba ardhi ndiyo inayokunyonya joto. Hewa iliyo ndani ya godoro la kawaida la upepo huzunguka, ikipokea joto la mwili juu na kulimwaga chini, usiku kucha. Na mtoto hupoa haraka kuliko sisi, kwani ngozi yake ni nyingi ukilinganisha na uzito wake. Dawa yake ni kutandika zaidi badala ya kufunika zaidi. Chini kabisa weka mkeka wa sponji ngumu, juu yake blanketi zito, kisha ndipo begi la kulalia. Kama begi ni refu kuliko mtoto, likunje sehemu ya miguuni na kuifunga, maana nafasi tupu ndani yake ni nafasi ambayo mwili mdogo unalazimika kuipasha.

Kabla ya kulala mbadilishe nguo zote, pamoja na soksi. Nguo alizochezea zina jasho hata kama zinaonekana kavu. Kofia nyepesi inasaidia. Ila usimvishe mpaka ageuke furushi. Kujua kama ana baridi au anaungua, gusa shingo kwa nyuma au kifua, kwa sababu mikono na miguu ya mtoto hupoa hata akiwa sawasawa. Mke wangu huweka chupa ya maji ya uvuguvugu, iliyokazwa kifuniko na kuvishwa soksi, ndani ya begi nusu saa kabla, kisha huitoa mtoto anapoingia. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka mambo ni tofauti: huyo alale chali, peke yake, juu ya kitu kigumu na bapa, bila mablanketi yaliyolegea wala begi la mkubwa. Godoro la upepo alilolala katikati ya wazazi si mahali pake.

Kumbuka pia unakokwenda. Kwa wastani joto hupungua kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na baridi kali kuliko zote huja alfajiri, jua likikaribia kuchomoza. Ndiyo maana mtoto aliyelala vizuri tangu saa mbili huamka akilia saa kumi na moja. Blanketi la alfajiri liwe limekunjwa kando ya kichwa chako, usianze kulitafuta gizani.

Na ule unyevu? Mhalifu nilikuwa mimi. Nilifunga kila zipu na kila kidirisha ili joto lisitoke. Pumzi za watu watatu zikapanda, zikakutana na kitambaa baridi, zikageuka matone, matone yakatudondokea. Vidirisha vya juu viachwe wazi hata kukiwa na baridi, na kitambaa cha nje kivutwe kikaze, kisigusane na cha ndani.

Usiku ule ule nilifikiria kuwasha jiko la gesi pale kibarazani mwa hema, dakika tano tu, hema lipate joto. Mke wangu alikataa, na ninashukuru. Jiko la gesi, jiko la mkaa, hata makaa yaliyofifia yakabaki majivu, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na waliolala huwa hawaamki kujitetea. Hakuna moto unaoingia hemani wala kibarazani, uwe mdogo namna gani. Bora lile gari na taulo, injini imezimwa.

Giza nalo lina mambo yake. Mtoto wako nyumbani analala na mwanga wa korido na sauti ya friji, na hujui kama anavihitaji mpaka avikose. Sisi hutundika taa ndogo hafifu juu ya hema. Ana tochi yake pia, lakini kamba ya tochi haikai shingoni wakati wa kulala. Kisha kuna kikao cha kusikiliza: kabla ya kuingia ndani tunakaa kimya dakika chache, anatuuliza kila sauti ni ya nani. Chura. Upepo kwenye majani. Kitambaa cha hema kikipigwa. Sauti yenye jina haimwamshi tena kwa hofu saa saba usiku. Hadithi za mazimwi tumeziacha nyumbani, ingawa mjomba mmoja aliwahi kutuona hatuna ladha.

Utaratibu wa kulala uwe uleule wa nyumbani: kunawa, meno, wimbo, na foronya yake ambayo haijafuliwa, yenye harufu ya kitanda chake. Mzazi mmoja alale naye tangu mwanzo. Msijidanganye kwamba mtaota moto wawili mkipiga soga hadi usiku wa manane. Tulipata dakika kumi mara ya tatu, tukaziona nyingi.

Poti. Nasema kwa msisitizo wa mtu aliyefua begi la kulalia kwenye bomba la kambi. Poti likae kibarazani, na mtoto avae nepi usiku hata kama aliacha miezi mingi iliyopita, maana baridi, ugeni na umbali wa choo vyote viko dhidi yake. Nguo mbili kamili za kubadili ziwe kwenye mfuko unaokaa sehemu moja kila safari, ili mkono uzipate bila macho.

Moto wa nje tunauzungushia duara la mawe, hatua tatu kutoka kwenye makaa, na mtoto haliruki hata mpira wake ukiingia. Kilichonishangaza ni habari ya mchanga. Wengi hufukia makaa kwa mchanga wakadhani wamemaliza, kumbe mchanga unayatunza yakae na joto kwa saa nyingi, na asubuhi mtoto anapita juu yake peku. Zima kwa maji, koroga, mwagia tena, mpaka uweze kuukaribisha mgongo wa mkono bila kuhisi fukuto. Akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si mafuta, si dawa ya meno.

Wadudu: zipu ya chandarua inafungwa nyuma ya kila anayepita, hata kama anarudi sasa hivi. Dawa ya kufukuza mbu usimpake mtoto viganjani, kwani vidole vitaishia mdomoni na machoni. Yenye kemikali iitwayo DEET haifai kwa aliye chini ya miezi miwili, na ya mafuta ya mkaratusi-limau haifai kwa aliye chini ya miaka mitatu. Jioni mkague kupe nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja.

Chakula nitakipitia haraka. Mlo wa kwanza usihitaji kupikwa. Chupa za maji ya kunywa zigandishwe nyumbani, ziwe barafu ya kuhifadhia chakula, kisha zinywewe. Maji ya mtoni yachemke dakika moja kamili, au tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Chakula hakilali hemani, kwa sababu wanyama wana pua.

Mizigo tulibeba nusu ya nyumba. Yupo Mwingereza mmoja, Thomas Hiram Holding, fundi cherehani, aliyeanzisha chama cha wapiga kambi wa baiskeli mwaka 1901, na hema lake alilibeba kwenye hiyo baiskeli. Yeye mwenyewe alionja kambi akiwa mtoto, mwaka 1853, katika msafara wa magari ya kukokotwa uliovuka mbuga za Marekani. Huwa namkumbuka ninapomwona mtu akipakia kabati la vitabu vya watoto. Vitabu viwili vinatosha, tena atataka kimoja tu, mara tisa.

Safari ya kwanza iwe ya usiku mmoja, si mbali na nyumbani. Na kabla ya kuondoka, wazazi mkubaliane yapi yatawarudisha: homa, kutapika, begi la kulalia kuloa na hakuna jingine, au radi. Hema haliwakingi na radi. Mkihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mmweko na ngurumo, ingieni ndani ya gari lenye bodi ya chuma au jengo imara, ile habari ya kusubiri ipite ni ya ndani humo. Mkishakubaliana mapema, usiku wa manane hamtabishana nani amekata tamaa.

Mkifika nyumbani, litandazeni hema likauke kabla ya kulikunja, vinginevyo litaota ukungu na harufu isiyotoka. Letu huchukua siku tatu kukauka pale sebuleni. Lingekauka kwa siku moja, ila kuna mtu amejifungia ndani na tochi yake na hataki tufungue zipu.