Uliza Shangazi: listi ya bebi shoo, asali ya bibi na uji wa dagaa

Haya jamani, mwezi huu barua karibu zote za wazazi wapya, sijui ndo matunda ya ule umeme uliokuwa unakatika katika mwaka jana ama vipi. Kwa wageni wa safu hii, mi sio nesi wala daktari, mi niliuza nguo na vitu vya watoto pale Mwanga, hapa Kigoma, miaka kumi na moja, nimezaa wanne, na ya hospitali nayauliza kwa wenyewe wa kliniki kabla sijaandika. Tuanze na huyu baba maana kanichekesha na kunihuzunisha kwa pamoja.

Shkamoo shangazi. Mi nipo Katubuka, mke wangu anajifungua mwezi ujao, mtoto wa kwanza. Mashoga zake wamemuandikia listi ya bebi shoo, ile shughuli ya kumkaribisha mtoto, kuna kitanda cha mbao, kigari cha kusukuma, woka ya kujifunzia kutembea, poda, bebi oili, chupa sita, nyonyo, pampasi katoni zima na mashine sijui ya kupashia chupa. Nimepiga hesabu imevuka laki sita, mi fundi wa kuchomelea mageti, nilichotenga ni laki na nusu. Nikisema tupunguze ananuna, eti simpendi mtoto. Nianzie wapi? – Baba kijacho

Marahaba mwanangu. Kwanza hiyo listi naijua, nimeiuza mara nyingi sana mpaka najua kipi kitarudi. Vitu vilivyokuwa vinarudishwa kwangu vikiwa bado na lebo, mtu ananiomba nimuuzie tena, ni viatu vya mtoto mchanga (anaenda wapi huyo na viatu?), woka, na zile nguo saizi ya mwanzo kabisa ambazo mtoto anazivaa wiki tatu zimembana. Sijawahi kurudishiwa beseni hata siku moja.

Kwa hiyo hela yako ianzie kwenye chandarua. Mkoa wetu na wenzetu wa Tabora tuko juu kwenye malaria nchi hii, hilo halina ubishi, na kamwili kachanga hakana kinga ya kutosha kupambana nayo. Mkeo alipoanza kliniki anatakiwa awe kapewa chandarua chenye dawa bure, muulize kipo wapi, maana nawajua wanawake wa hapa, kinawekwa sandukuni kinasubiri wageni. Kitoe leo. Mtoto alale na mama yake ndani ya hicho hicho. Vile vya kukunja kama mwamvuli ni vizuri kwa kulala mchana barazani ila vingi havina dawa, usiku usivitegemee. Akifika miezi tisa kwenye sindano ya surua mkumbushe nesi, mtoto naye ana chandarua chake hapo.

Pili ni vifaa vya kujifungulia, glovu, pamba, mpira wa kutandika, clipu za kitovu na kadhalika. Usinunue kwa kukisia, mwambie mkeo aulize kliniki kwao wanataka nini na nini, kila sehemu ina utaratibu wake na mimi nimeona watu wananunua mara mbili. Kanga usinunue mpya za mtoto, mpya ina ule ugumu wa dukani na haifyonzi. Omba za zamani kwa mama yako na mama mkwe, zile zilizolainika mpaka zinaonyesha upande wa pili, zifuliwe, zianikwe juani, zipigwe pasi, hapo una taulo, shuka, mbeleko na nepi kwa bei ya sabuni. Nguo tatu nne za kubadilisha, sweta na kofia kwa ajili ya ule upepo wa ziwa wa alfajiri, basi.

Kitu kimoja hakipo kwenye listi ya mashoga na mi ningekipa nafasi kabla ya pampasi, ni kipima joto, kile cha dijitali cha kuweka kwapani. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 37.5 au zaidi, au akiwa wa baridi chini ya 35.5, au kaacha kunyonya, unaenda hospitali muda huo huo hata kama ni saa nane usiku, husubiri asubuhi na humpi panado ukaangalia. Ndo maana pia nakwambia elfu hamsini kati ya hiyo laki na nusu iweke pembeni isiguswe, hiyo ni ya bajaji ya usiku na dharura. Inayobaki mpikie mama, samaki, maharage, matembele, mtoto anakula kupitia kwake.

Sasa vya kukata. Woka kata bila huruma, Canada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu watoto walikuwa wanatembea navyo mpaka kwenye ngazi na kuporomoka, na hapa kwetu ukiweka na jiko la mkaa chini uani sijui unategemea nini. Na havimfundishi kutembea. Poda kata, vumbi lake anavuta kifuani, Johnson & Johnson wenyewe poda ya mtoto yenye talki waliacha kuiuza dunia nzima 2023. Chupa sita na mashine ya kuzipashia ni za mtoto asiyenyonya, wa kwako ana mama, anatakiwa awekwe kwenye ziwa ndani ya saa ya kwanza na yale maziwa mazito ya njano asikamuliwe yakamwagwa hata tone. Kitanda subiri, kigari subiri, barabara zenu za Katubuka zenyewe kigari hakisukumiki.

Na mkeo usimwambie "tupunguze", hilo neno linauma kwa mjamzito. Kaa nae, mpe peni, mwambie mama fulani tupange kipi kinanunuliwa kabla na kipi baada ya arobaini. Vile vya baada ya arobaini utaona mwenyewe anavyovisahau.

Shangazi mi nipo Tabora, Isevya. Nina mtoto wiki tatu, analia sana kuanzia jioni. Mama mkwe katoka Sikonge na chupa ya asali ya nyuki wadogo, anataka amlambishe kwa kidole asubuhi na jioni eti inakata chango na kufungua koo. Mume wangu anasema yeye kakuzwa hivyo hivyo. Naogopa ila sitaki kuonekana namdharau mama. – Mama K

Mdogo wangu umefanya vizuri kuogopa. Najua kumwambia Mnyamwezi asali ni mbaya ni kama kumwambia mtu wa Ujiji asile dagaa, na asali sio mbaya, mbaya ni umri. Ndani ya asali, hata iwe safi vipi, hata ya nyuki wadogo wenyewe, kunaweza kuwa na vijimbegu vya bakteria vya udongoni. Mimi na wewe tukila vinapita tu. Tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja bado halijakomaa, vinaota humo humo ndani na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto anaanza kukosa choo, kilio kinakuwa chembamba, ananyonya kwa shida, kope zinamwangukia, shingo inalegea, na ikifika kwenye misuli ya kupumua ndo balaa. Na kuichemsha asali hakusaidii, hivyo vijimbegu haviuliwi na moto wa jikoni. Kama keshalambishwa usipanik, haiwapati wote, ila zikitokea hizo dalili nilizosema kimbia hospitali na useme kabisa kwamba alilamba asali.

Mumeo kukuzwa hivyo ni kweli, na wengi wamepona, ila kuna watoto waliokufa, bibi zetu wakasema wamechukuliwa na degedege au jicho la mtu, hakuna aliyekuwa anahesabu.

Mama mkwe usibishane nae na usimfiche. Nenda nae kliniki siku ya chanjo, wiki ya sita inakuja, akae na wewe na umwache nesi aseme, neno la nesi halina ukwe ndani yake. Na asali yake ipokee kwa mikono miwili, ile wewe, kwenye uji, kwenye chai, haipiti kwenye maziwa kumdhuru mtoto. Halafu mpe heshima yake, mwambie mama ya kwanza kabisa atalambishwa na wewe siku anatimiza mwaka. Mi mama mkwe wangu nilimfanyia hivi kwenye mambo ya kitovu, alitaka kuweka majivu, nikamwomba yeye ndo awe anakagua kila siku kama ni kikavu na kisafi, akawa mlinzi mkali kuliko mimi, hakuna mtu aliyegusa kitovu kile mpaka kikadondoka chenyewe.

Kulia kwa jioni sasa, hiyo watu wanaita chango, wiki ya sita inaweza kuwa ndo kilele na ikifika miezi mitatu minne inapoa yenyewe. Mcheulishe kila akinyonya, mbebe kifuani ngozi kwa ngozi, tembea nae, mpe baba yake na yeye atembee nae, si alikuzwa na asali ana nguvu. Zile dawa za maji za tumbo za famasi usimpe bila kuandikiwa, chini ya miezi sita mtoto ni ziwa tu, hata maji hapana, hata kwa joto la mwezi wa kumi hapo Tabora, maziwa yenyewe yana maji ya kumtosha.

Mambo shangazi, mwanangu miezi minne ana vipele vyekundu matakoni, namvalisha pampasi usiku na mchana, nimempaka poda haviishi.

Vua pampasi. Saa kadhaa kwa siku mlaze tupu juu ya kanga apigwe na hewa, atakukojolea, ndo kulea kwenyewe. Ukimvalisha badilisha kila masaa matatu manne, na akijisaidia hapo hapo, osha kwa maji ya uvuguvugu badala ya wipsi zenye marashi, kausha kwa kugusa gusa usisugue, halafu paka krimu yenye zinki. Poda acha, nishasema huko juu. Vikiwa na usaha, au vimeingia mpaka kwenye mikunjo ya mapaja na vina vijidoti pembeni, hiyo huenda ni fangasi, mpeleke akaonwe.

Shangazi mtoto wangu kafika miezi sita, nipo Mwandiga. Jirani anauza unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu kumi na mbili, anasema ndo unanenepesha. Ninunue?

Vitu kumi na mbili! Mi naona hapo mtoto ndo anakuwa gunia la sampuli. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano ukivichanganya vyote bado hiyo ni wanga tu, sio vyakula vitano. Soya isipokaangwa ikaiva sawa sawa inamsumbua tumbo, na karanga na mahindi yakiwa na ukungu yana sumukuvu, mwaka 2016 watu walikufa huko Dodoma na Manyara kwa mahindi ya hivyo. Unga ukishasagwa pamoja utajuaje karanga zilikuwaje? Na akidhurika hujui kimemdhuru kipi.

Wewe unakaa Kigoma bwana, watu wa mikoani wanatutamani. Chukua unga wa aina moja, ulezi au mahindi uliyochambua mwenyewe, pika uji mzito, sio ule unaotiririka kama maji, ukiinamisha kijiko usimwagike haraka. Dagaa nunua Kibirizi, chagua waliokaushwa kwenye chanja wasije na mchanga, hata hao osha, toa vichwa, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike mkononi, twanga, chekecha, hifadhi kwenye kopo kavu. Kijiko kimoja cha huo unga wa dagaa kwenye uji ukiwa unachemka, na kijiko kidogo cha mawese. Yale mawese mekundu ndo yana vitamini A, sasa kuna wanaoyachoma mpaka yanakuwa meupe ili yasinukie, umeyachoma na faida yake. Chumvi usiweke mpaka avuke mwaka (watu wa Uvinza mnisamehe), sukari pia hana haja nayo. Anza na vijiko viwili vitatu mara mbili kwa siku, ongeza taratibu, parachichi na ndizi ponda kwa uma, na ziwa linaendelea mpaka miaka miwili na kuendelea.

Siku ya kwanza atatema, atakunja sura kama kapewa kwinini. Mpe tena kesho.

Shangazi likizo yangu inaisha, nafanya kazi kampuni moja hapa mjini, mtoto atakuwa na miezi mitatu kasoro. Dada wa kazi ananiambia ninunue tu maziwa ya kopo. Kukamua naweza ila sina friji.

Kwanza haki yako, sheria ya ajira ya 2004 inakupa likizo siku 84, mapacha 100, hata baba ana siku zake 3, na ukirudi kazini una mpaka masaa mawili kwa siku ya kwenda kunyonyesha. Mwambie bosi kwa maandishi, usisubiri akukumbuke. Kama kwako ni karibu, rudi mchana umnyonyeshe.

Bila friji inawezekana. Nyonyesha kabla hujatoka, kamua kwenye kikombe cha mfuniko kilichochemshwa, weka sehemu ya kivuli yenye ubaridi, na kwa joto letu usipitishe masaa manne. Dada asiyachemshe, aweke kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto yapate uvuguvugu, yaliyobaki baada ya mtoto kunywa yamwagwe. Na amnyweshe kwa kikombe kidogo, taratibu, mtoto kakaa wima. Kikombe unakiona ndani mpaka chini kama ni kisafi, chupa ina kona na chuchu yake ina utelezi usiouona.

Kukamua tumia mkono, vidole viwili nyuma ya ule weusi, unabana kurudi kifuani kisha unakamua mbele, siku ya tatu utakuwa fundi. Kile kipampu cha bei rahisi chenye mpira wa kubinya kama honi ya baiskeli usinunue, maziwa yanaingia ndani ya ule mpira na hapaoshiki. Mi mwenyewe niliviuza miaka miwili, siku moja nikapasua kimoja kilichorudishwa nione ndani kukoje. Vilivyobaki vyote nikavitupa, hasara yangu.